Konekta na raba za kuungia choo kipya kwenye bomba la chuma la zamani: ipi ununue ukiwa Tabora

Mwenye nyumba ya zamani mjini Tabora, iwe ya reli, ya serikali au ya misheni, akitaka kuweka choo kipya cha kukaa hapati shida ya choo. Vyoo vipo madukani, tena vizuri. Shida huanza kwenye zile sentimita 20 za mwisho, pale mdomo wa choo kipya unapotakiwa kukutana na bomba la chuma lililolala sakafuni tangu enzi za Mwingereza. Kwa kazi hiyo kuna vitu vitatu vya kununua: konekta ya mikunjo, konekta iliyonyooka yenye midomo ya raba, na raba ya mikanda. Cha nne fundi huja nacho mwenyewe, nacho ni saruji.

Tumevipima vyote vinne, na hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asipotee: nunua raba ya mikanda, iungie kipande kifupi cha bomba la plastiki la mm 110, kisha konekta fupi iliyonyooka ichomekwe kwenye plastiki hiyo. Konekta ya mikunjo ni ya dharura. Saruji haifai kuunga choo.

Pima bomba kabla ya kuuliza bei

Nenda dukani ukiwa na namba mkononi. Unahitaji sumaku ndogo, uzi na futi. Gusisha sumaku kwenye bomba mahali palipo wazi. Ikinata, ni chuma. Isiponata, na bomba ni la kijivu lenye uso wa kisarujisaruji, simama hapo hapo, kwa sababu huenda ni asbesto. Mabomba ya saruji iliyochanganywa na asbesto yalitumika kwenye maji taka na kwenye bomba za hewa, na vumbi lake likishaingia mapafuni ni hatari ya miaka mingi. Usilipige grenda, usilipige msasa, usilivunje kwa nyundo. Kama ncha yake ipo wazi na ni nzima, raba ya mikanda inaweza kuivaa kwa nje bila kukata chochote. Kama ncha haipo, achana na bomba hilo kabisa na upitishe jipya pembeni hadi kwenye chemba.

Ikiwa ni chuma, gonga polepole kwa nyundo ndogo ukizunguka bomba. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikiwa kizima hulia kama kengele. Kilichopasuka au kulika hutoa sauti nzito, iliyokufa. Usione haya kugonga sehemu nyingi, hasa upande wa juu wa bomba lililolala: gesi ya maji taka hupanda juu, hugeuka asidi kwenye unyevu wa paa la bomba, na hapo ndipo chuma huliwa kimyakimya huku upande wa chini ukionekana mzima.

Kisha zungusha uzi kwenye bomba, unyooshe uzi huo kwenye futi, na ugawe urefu kwa 3.14. Uzi wa mm 345 maana yake bomba ni mm 110 kwa nje. Uzi wa mm 380 maana yake ni mm 121. Hizo ndizo namba mbili utakazokutana nazo mara nyingi kwenye bomba za Kiingereza za inchi 4: jepesi lililotengenezwa kwa ukutani lina mm 110 hivi kwa nje, na lile nene la kulazwa ardhini lina mm 121 hivi. Ndani yote mawili ni yaleyale, mm 100 na kidogo.

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Muuzaji akisikia “inchi 4” anakupa cha inchi 4, lakini inchi 4 ya chuma cha zamani ni kipimo cha ndani, wakati bomba la plastiki linaloitwa inchi 4 ni mm 110 kwa nje. Ukijaribu kuchomeka plastiki ya mm 110 ndani ya bomba la chuma, haiingii. Ukiichomeka kwenye soketi ya chuma, yaani kile kikombe kipana cha mwisho wa bomba, inacheza na kuacha nafasi pande zote. Nafasi hiyo ndiyo inayomvutia fundi kuijaza saruji. Na mdomo wa choo chenyewe una kipimo chake: mm 102 hivi kwa nje, ila kauri husinyaa tanuruni, kwa hiyo vyoo viwili vilivyotoka kiwanda kimoja vinaweza kupishana milimita kadhaa. Pima mdomo wa choo ulichonunua, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi.

Konekta ya mikunjo

Hii ndiyo inayopendwa na wengi, na sababu inaeleweka. Inarefuka, inapinda, inafika popote, na fundi anamaliza kazi kwa nusu saa. Bomba la zamani likiwa limekaa pembeni sentimita 5 au 6 kutoka mstari wa choo, na huna uwezo wa kuvunja sakafu, hii itakuokoa.

Lakini angalia ndani yake kwa tochi ya simu. Kila mkunjo ni mfereji mdogo unaozunguka, na kila mfereji hushika karatasi na uchafu. Ukiivuta ikarefuka sana, plastiki ya mikunjo huwa nyembamba na katikati hulegea, ikafanya bonde la maji yasiyotoka. Pia ina tabia ya kurudi ilipotoka: iliyovutwa hutaka kujikunja tena, na kila siku hujivuta kidogo kutoka kwenye mdomo wa choo mpaka siku moja kiungo kinaachia. Panya nao huitafuna bila taabu, na kwenye nyumba zenye dari na stoo za mahindi hilo si jambo la kupuuza.

Ukilazimika kuitumia, iache fupi kadiri inavyowezekana, isivutwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, na iwekewe kitu cha kuiegemeza chini, hata kipande cha tofali. Iwe mahali pa wazi unapoweza kuiona. Isifukiwe sakafuni hata mara moja.

Konekta iliyonyooka yenye midomo ya raba

Hii ni bidhaa nzuri ikiwekwa mahali pake. Upande mmoja una raba laini inayovaa mdomo wa choo, upande mwingine una midomo myembamba ya raba, miwili au mitatu, inayobana ukuta wa ndani wa bomba. Ndani yake ni laini, maji yanapita bila kukwama. Zipo zilizonyooka, zipo zilizohamishwa katikati kwa mm 20 au mm 40, yaani midomo yake miwili haiko kwenye mstari mmoja, na zipo zenye kona ya nyuzi 90 kwa choo cha kutolea nyuma kinachotakiwa kushuka sakafuni.

Kwenye bomba la plastiki haina mpinzani. Tatizo lake ni chuma cha zamani. Midomo ile imetengenezwa kubana uso laini, na ndani ya bomba la chuma lenye umri huo kuna vinundu vya kutu, magamba na mikwaruzo. Maji hayatatoka siku ya kwanza. Yatajipenyeza kidogo kidogo kwenye mabonde ya kutu, na utakachokigundua kwanza ni harufu. Watu hupaka silikoni juu ya midomo wakidhani wanaongeza usalama, kumbe silikoni haishiki kwenye kutu yenye unyevu, na mwaka unaofuata konekta haitoki bila kuvunjwa.

Iliyohamishwa katikati ina sharti moja: upande wa bomba uwe chini, wa choo uwe juu. Ikigeuzwa, umetengeneza kizingiti ambacho maji lazima yakipande kila unapoflashi.

Raba ya mikanda

Ni mrija mfupi wa raba nene, kwa kawaida wa sentimita 12 hadi 15, wenye mikanda miwili ya chuma kisichoshika kutu inayokazwa kwa skrubu. Inavaa nje ya bomba zote mbili. Kwa sababu inabana kwa nje, haijali kutu iliyo ndani. Kwa sababu ni raba, sakafu ikitikisika au nyumba ikitua kidogo, kiungo kinafuata. Na kwa sababu inavaliwa kwa kipimo cha nje, ndiyo pekee kati ya hizi inayounganisha chuma na plastiki kwa heshima. Msimu wa mvua, chemba zinapojaa na maji kusimama kwenye bomba, kiungo hiki hubaki kikavu pale ambapo midomo ya kuchomeka huanza kutoa machozi.

Kipimo huandikwa kwenye raba yenyewe, kwa mfano 110–125, maana yake inabana bomba lolote kati ya namba hizo. Hiyo inafaa chuma cha mm 110 na cha mm 121, na upande wa pili plastiki ya mm 110. Usichukue ambayo kipimo chako kipo kwenye namba yake ya juu kabisa ukidhani itavutika. Kuna aina mbili: yenye mikanda miwili tu, na yenye mikanda miwili pamoja na bati pana la chuma katikati. Bati lile huzuia bomba mbili zisipishane kimo chini ya uzito wa udongo. Kiungo kikiwa juu ya sakafu, aina ya kwanza inatosha. Kikifukiwa, nunua ya pili bila kubishana na bei.

Udhaifu wake ni upatikanaji. Si kila duka mjini linaiweka, na mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au Mwanza na kufika kwa basi. Agiza kabla ya kuvunja choo cha zamani, si baada. Familia ikibaki bila choo huku mzigo uko njiani, fundi atashawishika kutumia saruji na wewe utakubali.

Pia feki zipo. Ishike mkononi. Minya raba kwa nguvu ukiikunja mara mbili: nzuri hurudi mara moja bila alama, mbaya hubaki na mstari mweupe au kuonyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo. Pitisha kidole ndani. Mshono wa kiwandani usiwe umeinuka, kwa sababu hapo ndipo maji yatapita. Kisha ile sumaku yako: iguse mkanda. Chuma kizuri kisichoshika kutu hakinati au kinanata kidogo sana. Kikivuta sumaku kwa nguvu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na chini ya sakafu yenye unyevu hakitadumu. Skrubu inaweza kunata hata kwenye raba nzuri, hiyo isikutishe. Mwisho, zungusha skrubu hadi mwanzo na mwisho wake. Ikiruka meno ukiwa dukani, nyumbani itaruka pia.

Saruji

Saruji hukauka, husinyaa na kupasuka. Haishiki vizuri chuma kilichochafuka, na haipindi. Joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni vikifanya kazi yake, ufa wa nywele moja unatosha. Na Tabora ina miembe kila kona: mzizi wa mwembe unaotafuta maji unaupata ufa huo kabla yako. Baya zaidi, saruji ikishabana mdomo wa choo, siku ya kubadilisha choo utalazimika kukivunja na kutoa vipande ndani ya soketi kwa tindo, na kila pigo ni hatari kwa chuma. Saruji nyeupe haina tofauti na ya kijivu kwenye hili, rangi tu.

Kazi yenyewe, pale inapoharibika

Vifaa vya choo kimoja ni hivi: raba moja ya mikanda kwa kipimo chako, nusu mita ya bomba la plastiki la mm 110, konekta moja iliyonyooka, tyubu moja ya silikoni, skrubu za sakafuni zenye plagi (mbili au nne kulingana na choo), koki ya pembeni ya nusu inchi na hosi yake, diski mbili nyembamba za kukatia chuma, msasa namba 80, burashi ya waya na sabuni ya maji. Kama bomba linabadili mwelekeo, ongeza elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90; kona mbili za taratibu hupitisha uchafu vizuri kuliko moja kali.

Funga maji, flashi, kausha kwa kitambaa maji yaliyobaki kwenye mtego, yaani ile kona ya choo inayoshika maji ya kuzuia harufu. Fungua madirisha. Gesi ya maji taka inaweza kuwaka na inaweza kukulevya, kwa hiyo hakuna sigara na hakuna mshumaa. Vaa glavu na miwani.

Choo cha zamani kilichojengewa kwa saruji hakitoki kizima. Kata au vunja shingo yake juu ya sakafu, uondoe kiti, ubaki na pete ya kauri ndani ya soketi. Hapo kwanza sukuma kitambaa ndani ya bomba, kikiwa kimefungwa kamba ndefu inayobaki nje. Kamba hiyo isisahaulike: kitambaa kilichozama ndani ya bomba ni kazi mpya ya siku nzima. Vunja pete kwa tindo nyembamba na mapigo madogo, ukielekeza tindo katikati ya bomba, kamwe si kwenye ukuta wa soketi. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka. Toa kipande kimoja kwanza kupata nafasi, vingine vitaingia ndani ya nafasi hiyo.

Viungo vya chuma na chuma vya wakati huo vilijazwa kamba ya katani kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa juu. Kama unahitaji kukifungua kiungo cha namna hiyo, toboa matundu ya mm 6 kuzunguka risasi, kisha iinue kwa tindo. Usiiyeyushe kwa gesi: moshi wa risasi ni sumu. Vipande vyake vikusanye vyote, watoto wasivichezee, na unawe mikono kabla ya kula.

Mara nyingi ni salama zaidi kuachana na soketi na kukata bomba chini yake au nyuma yake, mahali penye chuma kizima. Kabla ya kukata, liegemeze bomba. Mita moja ya bomba jepesi la inchi 4 ina uzito wa kilo 10 hivi, na lile nene la ardhini hupita kilo 20. Bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa likikatwa chini bila kushikiliwa litashuka lote, na litavunja kiungo kilicho juu ambacho hukukigusa. Funga kwa bati na skrubu ukutani juu ya mahali unapokata, ndipo uwashe grenda. Zungusha karatasi yenye ukingo ulionyooka kwenye bomba, chora mstari, kata kwa kuzunguka kidogo kidogo, usizamishe diski upande mmoja. Kikata bomba cha mnyororo tunakikataa kwa bomba la umri huu, kinabana na kupasua.

Ncha ikishakatwa, itazame. Ukiona chuma cha kung'aa pande zote, endelea. Ukiona sehemu nyeusi inayomeguka kwa bisibisi, hilo si chuma tena. Rudi nyuma sentimita 10 ukate upya. Piga tupa kingo za ndani ili nywele na nyuzi zisining'inie hapo. Kwa nje, safisha sentimita 8 kwa burashi ya waya kisha msasa, na uangalie mshono wa kalibu: bomba za zamani nyingine zina mstari ulioinuka ubavuni. Usipoupiga tupa ukalingana na uso, raba itaupanda na kuacha njia mbili ndogo kila upande wake. Huu mstari ndio unaofanya watu wailaumu raba bila kosa.

Sasa weka alama ya chaki kwenye bomba zote mbili, nusu ya urefu wa raba. Paka sabuni ya maji. Usitumie grisi wala mafuta ya mgando, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha raba na kuilainisha. Vuta raba yote iingie kwenye chuma, leta plastiki mbele yake ukiacha nafasi ya mm 5 hadi 10, kisha rudisha raba hadi alama zote mbili. Kaza mikanda kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwa spana ndogo ya 8. Inatosha pale mkanda usipozunguka kwa mkono na raba imebinuka kidogo pembeni mwake. Kwa spana fupi ya sentimita 10, nguvu yake ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 6 mwishoni mwa mpini. Zaidi ya hapo unakata raba au kuvua meno ya skrubu.

Plastiki ishuke kuelekea chemba: mm 25 kwa kila mita ni mteremko mzuri. Tabora ni tambarare, na bomba la nje mara nyingi halina mteremko wa kutamba nao, kwa hiyo ule mdogo ulio ndani ya nyumba usiuchezee.

Kabla ya kufunga choo, kiweke kikavu mahali pake. Vyoo vingi vya kutolea nyuma vina kitovu cha mdomo kwenye kimo cha mm 180 kutoka sakafuni, lakini hicho ni kimo cha sakafu iliyokwisha. Ukipanga kuweka vigae baadaye, vigae na gundi yake hupandisha sakafu mm 15 hadi 25, na bomba lililokuwa sawa litakuwa chini mno. Kwa choo cha kutolea chini, pima kutoka ukutani uliokwisha plasta na vigae hadi katikati ya tundu, kisha ununue choo cha kipimo hicho. Watu hununua choo kwanza, ndipo wanagundua kuwa tanki linaachana na ukuta kwa kiganja kizima.

Konekta ivae mdomo wa choo kwanza, ikiwa imepakwa sabuni, mpaka iguse mwisho. Kisha sukuma choo chote kwa usawa kuelekea bomba. Mulika tochi: midomo yote ya raba iwe imeingia na hakuna uliokunjika kurudi nyuma. Funga skrubu kwa mkono mwepesi, kwa maana kauri ikilia tik umeshachelewa, na uzungushie silikoni chini ya kiti ukiacha sentimita chache nyuma bila kuziba. Uwazi huo ni wa makusudi: kiungo kikivuja, maji yatatokea hapo uyaone badala ya kuoza chini kwa chini. Acha silikoni ikauke saa 24 kabla ya mtu kukaa.

Maji kidogo, bomba la kale

Jambo hili wauzaji hawalisemi. Choo cha zamani kiliflashi lita 9 hivi. Kipya cha vitufe viwili hutoa lita 6 kwa kitufe kikubwa na lita 3 au 4 kwa kidogo. Kwenye plastiki laini lita 6 zinatosha. Kwenye mita nyingi za chuma chenye vinundu na mteremko hafifu, kitufe kidogo kitasukuma uchafu hadi katikati ya safari na kuuacha pale. Nunua choo ambacho tanki lake lina skrubu ya kurekebisha kimo cha maji, uyapandishe maji hadi mwisho wa alama, na uwaeleze watu wa nyumbani kwamba kitufe kidogo ni cha mkojo tu. Kabla ya yote, safisha bomba hadi kwenye chemba kwa waya wa kuzibulia au maji ya nguvu. Usimimine asidi ya kusafishia vyoo kama njia ya kuzibua: inakula chuma chenyewe, na ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya hatari.

Bomba la hewa nalo lisisahaulike. Likiwa limezibwa na kiota cha ndege au udongo wa nyigu, maji yanaposhuka huvuta hewa kupitia mtego wa choo, na yale maji ya sentimita 5 yanayozuia harufu huondoka nayo. Mwenye nyumba atabadilisha konekta mara mbili kwa kosa lililo juu ya paa. Panda uangalie, uweke wavu juu yake.

Kujaribu

Mwaga ndoo ya lita 10 kwa mkupuo kabla ya choo kufungwa, ukitazama raba ya mikanda. Baada ya choo kufungwa, tia bluu ya kufulia kwenye tanki, zungushia karatasi kavu ya chooni kila kiungo, na uflashi mara tano au sita mfululizo. Tone dogo ambalo jicho halioni litachora alama ya bluu kwenye karatasi. Kwa harufu, subiri siku moja madirisha yakiwa yamefunguliwa, kisha uyafunge na unuse polepole karibu na viungo.

Kiungo kinachofukiwa kisifukiwe siku hiyohiyo. Raba hutulia kidogo baada ya kubanwa, kwa hiyo acha shimo wazi kwa wiki moja huku choo kikitumika, kaza mikanda tena robo mzunguko, rudia jaribio la karatasi, ndipo ujaze mchanga usio na mawe kuzunguka raba na kumwaga zege juu ya mchanga huo, si juu ya raba yenyewe. Vigae vije baada ya hapo.